Kiini cha Skrini Arobaini na Nane

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Kabla sijakuuliza hali yako na ya mgongo wako, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Leo nimesema uongo mbele ya kikao kizima.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu unanijua, kwenye simu huwa nakwama. Kikao kilikuwa cha ile wodi mpya ya watoto hapa hospitali, inayofunguliwa Jumatatu tarehe 16. Wanataka kuongeza skrini kumi na sita za kusomea mafaili ya wagonjwa, lakini mashine kuu inakubali skrini thelathini na mbili tu. Ukichomeka ya thelathini na tatu, inaikataa kama mgeni asiyealikwa. Mhasibu akasema uitwe wewe, kama kawaida. Mganga Mkuu akavua miwani.

"Kila tukitaka kubadilisha kitu kidogo lazima aitwe mtu wa nje? Yule ameshaacha kazi hapa. Humu ndani hakuna hata mmoja?"

Nikasikia sauti ikisema, "Naweza." Ilikuwa yangu.

Matroni alicheka. Unakijua kicheko chake, kama sufuria zinazoanguka. "Huyu? Huyu hata shikamoo ananinong'oneza kama anataka kunikopa!" Mganga Mkuu hakucheka. Alisema, "Binti, ukiweza kabla ya wodi kufunguliwa, majaribio yako yameisha. Nakuajiri."

Lile neno nilikuwa nimelifanyia mazoezi chooni tangu nilipoiona ajenda. Nilisimama mbele ya kioo nikasema naweza, naweza, naweza, mpaka mama wa usafi akagonga mlango kuuliza kama tumbo linanisumbua.

Ukweli ni kwamba siwezi. Uliponitafutia nafasi hii nilipomaliza shule, nilipewa kufuta vumbi na kubadilisha karatasi za printa, na hayo ndiyo ninayofanya. Nimesoma kidogo. Kwenye kompyuta nyingi siku hizi mtu anabadilisha namba kwenye faili la mipangilio, anazima, anawasha, basi. Hapa kwetu namba imo ndani ya kiini chenyewe, ile programu ya chini kabisa inayoiamsha mashine na kuziongoza nyingine zote. Ili kuibadilisha lazima kiini chote kijengwe upya. Ni kama mtu anayetaka kuongeza kiti sebuleni, akaambiwa abomoe nyumba. Mjomba, kwa nini kwetu bado iko hivyo?

Naomba uniandikie hatua za kufuata. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Chumba cha mashine ni mahali pekee ambapo kunyamaza kwangu hakumkeri mtu.

Mama hajambo, anakusalimu. Usimwambie.

Mpwa wako


Jumanne, tarehe 3 Juni

Sisimizi wangu, marahaba.

Mgongo ni uleule, unanikumbusha umri kila nikiinama kufunga viatu. Nyumbani wote wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Kumbe una ulimi! Miaka yote tulidhani mama yako aliusahau hospitali ulipozaliwa.

Usijiite mwongo. Umetoa ahadi kabla ya uwezo kufika, na uwezo uko njiani. Mjomba ni wa nini?

Unauliza kwa nini bado iko hivyo. Kwa sababu ni imara. Kitu kilichojengwa ndani hakichezewi na kila mpita njia. Nilikiunda kile kiini kwa mikono yangu kabla hujajua kufunga vifungo vya shati, na tangu hapo hakijamwangusha mtu.

Nitumie nakala ya lile faili lenye orodha ya vitu vya kiini, na unitajie aina ya hizo skrini mpya. Na usimuulize mtu mwingine yeyote. Ukiuliza watakugundua, na ukigundulika umekwisha. Siri ya mpwa huzikwa kwa mjomba.

Mjomba wako


Jumamosi, tarehe 7 Juni

Sisimizi, hujambo? Huku salama.

Faili lako lilinifikia Jumatano. Umeliandaa vizuri, una mkono msafi. Sasa fuata maneno yangu, usipunguze wala usiongeze.

Kwenye ile orodha kuna mstari wa idadi ya skrini. Futa thelathini na mbili, andika arobaini na nane. Mistari michache chini yake kuna wa kidhibiti cha diski, wenye lile jina la herufi nyingi linaloishia na sifuri mbili. Huo ufute kabisa. Ni wa diski za zamani, na ukibaki utagombana na skrini mpya. Halafu amuru mashine ijenge kiini. Itachukua saa kadhaa, itakuwa inaandika mistari kama mtu anayeweweseka, wewe kaa tu. Ikimaliza, kifute kiini cha zamani, weka kipya mahali pake, zima, washa.

Ifanye Jumapili tarehe 15, mchana. Siku hiyo hospitali imetulia. Ukiifanya mapema watu watazichezea skrini kabla ya wodi kufunguliwa na lawama itakuwa yako.

Mama yako alinipigia jana. Sikumwambia kitu. Alisema siku hizi unaimba ukiosha vyombo. Nilifurahi.

Mjomba wako


Jumapili, tarehe 8 Juni

Shikamoo mjomba, pole na mgongo. Sisi wazima.

Asante, asante sana. Nimeyasoma maelekezo mpaka nimeyakariri. Nina maswali mawili, na samahani kama ni ya kijinga. Lile jina linaloishia na sifuri mbili nimeliona pia kwenye kibandiko cha boksi la mashine. Kwa hiyo si diski tunayoitumia sasa? Boksi lina kufuli na ufunguo unao wewe, vinginevyo ningechungulia mwenyewe.

La pili, nimesoma kwamba mafundi hawafuti kiini cha zamani. Hukipa jina lingine na kukiweka pembeni, ili kipya kikigoma warudi kwenye cha zamani. Je, na mimi nisifanye hivyo?

Nimemwambia Matroni kila kitu kiko sawa. Leo ameniita kwa jina langu.

Mpwa wako


Jumatatu, tarehe 9 Juni

Hujambo Sisimizi.

Maswali ya kijinga hayapo, ila mpwa mwenye mashaka yupo. Kibandiko ni cha boksi. Kidhibiti kilichomo ndani nilikibadilisha mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Na kiini cha zamani kifute, kwa sababu sehemu ile ya diski ni ndogo, viini viwili havienei. Mafundi unaowasoma hawaijui mashine yangu.

Unaniamini au huniamini?

Mjomba wako


Jumapili, tarehe 15 Juni

Mjomba,

Haiamki. Nimefanya kama ulivyosema. Inawaka, inaandika mistari michache, kisha inasema haioni diski, inasimama. Nimejaribu tena na tena. Cha zamani nilishakifuta. Nimekupigia simu, haipokelewi. Wauguzi wa zamu wameanza kuuliza mbona skrini ni nyeusi. Nimewaambia dakika chache, na hizo dakika chache zimepita zamani.

Njoo, mjomba. Nakuomba.

Mpwa wako


Jumapili, tarehe 15 Juni

Usiguse kitu tena. Leo nina wageni, nitakuja kesho asubuhi. Waambie waandike wagonjwa kwa mkono.

Mjomba


Jumapili, tarehe 22 Juni

Mjomba, shikamoo. Natumaini mgongo umetulia baada ya safari. Mama hajambo. Mimi sijambo.

Nimekaa wiki nzima bila kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na uhakika kwamba sikuona vibaya. Wewe ulifika saa nne asubuhi, kwa hiyo hukuona yaliyotangulia. Foleni ilitoka mapokezi ikazunguka hadi getini. Mafaili ya wagonjwa yote yamo kwenye mashine, hakuna aliyejua nani anatumia dawa gani. Matroni alinishika bega akanigeuza niwatazame. "Binti, hawa niwaandike mgongoni mwako?" Mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa aliambiwa asubiri, akaniuliza mimi asubiri nini. Wodi mpya ilikuwa na utepe mlangoni, na hakuna aliyeukata.

Kisha ukaja na begi lako, umevaa ile suti ya kijivu. Kila mtu alikushangilia kama mvua. Ukatoa diski mfukoni, ukaichomeka, na mashine ikaamka palepale. Skrini zote arobaini na nane. Mganga Mkuu alikupigia makofi.

Halafu akauliza imekuwaje. Nilidhani utasema ni bahati mbaya. Ukatoa karatasi kwenye mfuko wa koti, ukaikunjua, ukavaa miwani. Ilikuwa barua yangu ya kwanza, umeichapisha. Ulianzia pale pa "leo nimesema uongo mbele ya kikao kizima." Mjomba, uliisoma kwa sauti yangu. Uliibana pua. Ulisoma pa kicheko cha Matroni na sufuria. Ulisoma pa chooni na kioo, ukasema naweza, naweza, naweza, na watu wakacheka mpaka Mhasibu akashika meza. Ukamalizia, "Mnisamehe. Ni damu yangu, lakini hospitali si mahali pa kufundishia watoto." Mganga Mkuu hakunitazama tena. Alimwambia Mhasibu anitayarishie barua ya kuondoka, na mkataba wako mpya.

Sasa nakuuliza jambo moja. Wakati unaiwasha mashine, wote walikuwa wanakutazama wewe. Mimi siwezi kutazama nyuso za watu, nikatazama skrini. Kiini kinapoamka, kabla ya lolote, hujitaja kilijengwa na nani na lini. Kiliandika jina lako na Alhamisi, tarehe 5 Juni. Kisha kikataja kila kitu kilichokitambua, na cha kwanza kilikuwa kidhibiti cha diski, kwa lile jina linaloishia na sifuri mbili.

Barua yako ya kuniambia niufute mstari ule uliiandika Jumamosi, tarehe 7. Kwa hiyo siku hiyo kiini kizima cha skrini arobaini na nane, chenye mstari ule ndani yake, ulikuwa umekwisha kukijenga.

Labda kuna kitu sikukielewa. Mimi bado najifunza. Ukinieleza nitaelewa.

Mpwa wako


Jumatano, tarehe 25 Juni

Sisimizi, marahaba.

Mgongo umepona kabisa, nadhani ni furaha. Na hapana, hakuna usichokielewa. Umeelewa vizuri kuliko nilivyotarajia, na hilo ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu badala ya kukupuuza.

Unadhani nilikuweka kwenye chumba kile kwa sababu gani? Huongei. Nilitaka mtu wa kufuta vumbi ambaye hatauliza. Siku unasema "naweza," ulikuwa unaniambia mimi nirudi nyumbani nikalale. Yule daktari anatafuta mwaka mzima njia ya kuacha kuniita. Ungefaulu mara moja, nani angenipigia simu tena? Ukiona vyaelea vimeundwa, mwanangu, na aliyeviunda ni mimi.

Ulitaka kujua kwa nini kwetu bado iko hivyo. Haya, jibu ni lako, umelilipia. Mfumo ule ulikuja na faili la mipangilio kama kompyuta nyingine. Namba ile ungeibadilisha ukiwa umesimama, kikombe mkononi. Mlango ulikuwepo, mimi nikaujengea ukuta. Kila namba niliiingiza ndani ya kiini ili kila anayetaka kugusa kitu apite kwangu. Sioni aibu. Kuna wanaojenga ukuta kwa matofali.

Utasema nilikuaibisha. Kweli. Kama ningesema tu umekosea, wangekupa nafasi nyingine, wangekuhurumia, na wewe ungejaribu tena. Mtu akichekwa harudi. Nilikufanyia kwa haraka ili isikuume kwa muda mrefu.

Sasa tuache hayo. Una mkono mzuri na jicho kali, na mimi macho yananipungua. Kuanzia Jumatatu ijayo utakuja kwangu kama msaidizi. Utabeba begi, utakaa kwenye mashine, mimi nitazungumza na wakubwa. Tutakwenda hata kule hospitali, watakuzoea. Mama yako nimeshamwambia. Alilia kwa furaha, akasema Mungu amempa kaka mmoja lakini anamtosha.

Kama unafikiria kumwambia vingine, jiulize atamwamini nani. Mimi nilimlea. Wewe umepatikana na uongo kwa maneno yako mwenyewe.

Jumatatu, saa mbili. Usichelewe.

Mjomba wako


Alhamisi, tarehe 3 Julai

Mjomba, shikamoo. Nakutakia afya njema, wewe na wa nyumbani kwako.

Jumatatu sikuja, na sitakuja. Nilitaka ulisikie kwangu badala ya kukaa ukitazama saa.

Nimepata kazi ya kupiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili. Mashati ya watu nayakunja mpaka jioni. Dobi ni mzee mpole, tatizo lake ni redio tu, anaifungulia kwa sauti kubwa mpaka mvuke unacheza. Hajui kama nilishawahi kugusa kompyuta.

Siku ile mama alinitolea nguo yake nzuri ili niivae kwako. Alikuwa ameipunguza kiunoni mwenyewe, kwa sindano. Nikamwambia siendi. Akauliza kwa nini. Nikasema nimechoka na mashine. Akauliza tena, nikasema mjomba ananichosha pia, ana maneno mengi. Alinipiga kofi. Mama hajawahi kunipiga, unajua. Akasema, "Mtu ameacha wageni wake akaja kukufichia aibu yako, na juu ya hayo anakupa kazi, halafu unamwita mwenye maneno? Nimezaa mtoto asiye na shukrani." Nikasema ndiyo, mama. Sikuwa na neno lingine lililokuwa salama.

Tangu hapo hasemi na mimi. Chakula changu anakifunika, anakiacha mezani, anaingia ndani. Mimi niliyekuwa nakaa kimya maisha yangu yote ndiyo kwanza nimejua jinsi kimya kinavyokuwa ukiwa upande wa kukipokea.

Ningeweza kumwandikia Mganga Mkuu. Ni mtu mzima mwenye akili, anaweza kuisoma ile tarehe kama nilivyoisoma mimi, na ukuta wako ningemwonyesha ulipo. Barua hiyo nimeiandika mara mbili na kuifuta mara mbili, na si kwa ajili yako. Angekuita, wangekuita na wengine, na habari ingefika nyumbani kabla hujavua viatu. Mama bado anasimulia jinsi mlivyobaki wawili wazazi wenu walipokufa, ulivyokuwa unamkata kipande kikubwa cha mkate na wewe unajilia maganda. Anaisimulia kwa jirani, kwa muuza maji, kwa yeyote anayesimama. Jana niliisikia kupitia ukutani, akijisimulia mwenyewe. Wewe ndiye mtu pekee aliye naye wa zamani. Nikimwondolea wewe, sina wa kumpa badala yako. Mimi sitoshi.

Uliuliza atamwamini nani. Hatapewa nafasi ya kuchagua. Mimi nitakuwa yule mtoto mbaya, nimeshaanza na naona ninaweza.

Ila Jumamosi anakuja kwako. Ameazima mkoba kwa jirani, ameniwekea hata mimi nauli mezani, nikaiacha. Anakuja kukuomba radhi kwa niaba yangu. Nimemsikia akipanga maneno. Atataka kupiga magoti, usimwache apige, magoti yake yanavimba. Mpokee vizuri. Mpe kiti kile chenye mto. Akianza kulia mwambie umenisamehe, na useme uso wako ukiwa umemwelekea, si huku ukitafuta miwani.

Na ulichokifanya usimwambie, mjomba. Hata ukizeeka, hata ukiumwa ukataka kutua mzigo, usiutue kwake. Tunaojua ni wawili. Kaa na siri hii, na mimi nitakaa nayo, asijue kamwe.

Mpwa wako